Lango Lisilokuwa na Theluji

Mitsue alijua kabla ya kufumbua macho kwamba theluji imeshuka kwa wingi. Hakusikia kitu. Theluji kidogo ina kelele zake: inaporomoka paani, inakwaruza dirisha, inasukumwa huku na huku na upepo. Theluji kubwa hunyamaza, na ikinyamaza huvinyamazisha na vingine vyote, mbwa wa jirani, maji ya mtaroni, hata pumzi ya mtu kitandani mwake. Alibaki amelala, mikono kaiweka kifuani, kama mtu aliyeingizwa ghafla mahali patakatifu, akasema moyoni: Wewe uliyeifanya hii, sisi ni wadogo sana.

Kisha akainuka, akavaa buti, akajifunga kitambaa kichwani, akachukua beleshi. Kustaajabu ni kustaajabu, lakini kazi ilikuwa inamngoja nje.

Kila mtu wa Yokote, mji wa theluji huko Japani, anaijua kazi hiyo. Alfajiri greda hupita likikwangua barabara, na theluji yote linayoikwangua hulazwa pembeni, na hapo pembeni ndipo yalipo malango ya watu. Mtu anaamka kwenda kazini anakuta tuta limemzibia njia, zito, gumu kama saruji iliyoanza kushika. Basi wanawake humlaani dereva, wanaume hupiga simu kwa wahusika, na wengine huirudisha theluji ile ile barabarani kwa hasira, ili dereva akirudi akute kazi yake imeharibiwa. Naye dereva, aliyeamka wakati wao wamelala, hulaani kimyakimya nyuma ya kioo chake. Ndivyo wanavyoishi, baridi baada ya baridi, kama mume na mke walionuniana huku wakilala chumba kimoja.

Mitsue akafungua lango. Hapakuwa na tuta.

Kulia tuta, mbele ng'ambo ya barabara tuta, kushoto tuta. Langoni kwake peke yake palikuwa peupe na tambarare hadi ukingo wa barabara, kama mkeka uliotandikwa kwa ajili ya mgeni. Ndivyo ilivyokuwa tangu baridi ianze. Alisimama na beleshi lake lisilo na kazi, akaona aibu.

"Bi Mitsue," aliita Mama Ochiai kutoka ng'ambo, kazama hadi kiunoni, mvuke unamtoka kichwani. Sauti yake ilikuwa tamu kupita kiasi. "Hilo beleshi umelitoa liote jua? Tuambie na sisi, tuolewe na nani tupate lango kama hilo?"

Mitsue aliinama, akaomba radhi ya jambo ambalo hakulitaja, akarudi ndani uso ukimwaka. Lakini chini ya aibu ile, tusimfiche, kulikuwa na utamu. Alijua ni nani.

Bwana Masanobu Terui alikuja mara ya kwanza majira ya kupukutika majani, kununua figili. Nyumba ya Mitsue inatengeneza figili za moshi. Huzifunga kwa kamba, huzining'iniza safu kwa safu chini ya paa la banda, na chini yake huwasha kuni za mti wa mcheri, zenye moshi wa harufu tamu, moto mdogo usiolala. Mwanamume yule mkubwa, mwenye maneno ya polepole, aliingia bandani, akaangalia juu, akavua kofia. Akasema hajawahi kuingia mahali penye harufu ya namna ile. Akarudi wiki iliyofuata. Mara ya tatu alisimama mlangoni muda mrefu, akaigeuzageuza kofia mikononi, mwishowe akasema, "Nimesahau nilichokuja kununua." Mitsue akacheka. Tangu amzike mumewe, Hideaki, hakuwahi kukisikia kicheko chake chini ya paa lile, na wote wawili wakashtuka, kana kwamba ndege kaingia ndani.

Baridi ilipoanza, Masanobu akapanda greda la ofisi ya barabara. Na lango la Mitsue likaanza kuwa safi.

Tatizo lilikuwa Mama Tsuya, mama yake marehemu Hideaki, ambaye Mitsue hakumwacha baada ya msiba. Tsuya alikuwa mwanamke mdogo, mgongo umenyooka kama fito, na vijana wa ofisi ya barabara walikuwa wakipeana simu kama kaa la moto wakisikia sauti yake. Kila baridi alikuwa anapiga. Baridi hii hakupiga hata mara moja, na sababu yake Mitsue aliijua, ndiyo iliyokuwa inamnyima usingizi.

Kila asubuhi Tsuya alichungulia langoni, kisha akaenda kupiga magoti mbele ya kijimadhabahu cha nyumbani, ilipo picha ya Hideaki. Aliweka chai na wali wa kwanza wa chungu, akawasha udi, akainama hadi paji la uso likagusa mkeka. Enzi za uhai wake Hideaki ndiye aliyekuwa anaamka mbele ya wote kuliondoa tuta, ili mama yake asishike beleshi.

"Asante, mwanangu," Tsuya alikuwa akisema. "Umekuja tena."

Na Mitsue, nyuma yake, alikuwa anakosa ujasiri wa kumwambia ni nani.

Masanobu alikuwa ameomba kuja kumsalimia mama siku inayofuata sikukuu ya vibanda vya theluji, ambamo watoto hukaribisha wageni, avae suti, aseme lililo moyoni mwake. Tsuya alipopelekewa ujumbe huo aliisukuma chai yake pembeni. Kisha akasema: dereva wa greda, katika nyumba hii, na huku Hideaki mwenyewe bado analinda lango? Akaongeza kwamba jibu atalitoa siku hiyo hiyo, machoni pa huyo mtu, na asisukumwe. Na sasa siku hiyo ilikuwa kesho.

Basi asubuhi ile, baada ya kukagua moto wa bandani, Mitsue aliona kwamba Mzee Kanekichi hajatoka. Kanekichi alikuwa fundi wa mapipa aliyestaafu, mgane, anaishi peke yake nyumba inayofuata, ya mwisho kabla ya daraja. Tuta la langoni kwake lilikuwa refu kuliko yote ya mtaa. Watu walisema ni upepo wa mtoni. Mitsue naye alikuwa amesema hivyo hivyo, ni upepo. Akachukua beleshi lake lisilo na kazi, akaenda kumsaidia.

Alikata bonge la kwanza, la pili. Alipofika usawa wa kifua, beleshi likafungua ubavu wa tuta, na ndani ya weupe ule akaona mstari wa kijivu, mwembamba, umekwenda kutoka huku hadi kule kama upindo wa nguo.

Akavua glovu, akaushika, akaunusa. Mcheri.

Jana jioni, kama kila jioni, alikuwa amemwaga majivu ya bandani langoni kwake, mtu asiteleze. Mtaani kote hakuna mwingine anayechoma mcheri. Theluji hii ilikuwa yake. Ilitoka langoni kwake ikaja kulala langoni kwa mzee, na si ya leo tu, kwa sababu chini ya mstari ule, ndani ya theluji ya kale iliyogandamana ubavuni mwa lango, ambako beleshi la mzee halikufika, palikuwa na mstari mwingine, na chini yake mwingine. Baridi nzima ilikuwa imepangwa pale tabaka kwa tabaka. Mitsue akalichomeka beleshi thelujini. Alikuwa amezoea kumwogopa Mungu katika mambo makubwa, kifo na dhoruba. Hakujua kwamba anaweza pia kumwonyesha mtu ukweli kwa majivu yake mwenyewe.

Mlango wa mzee ukafunguka. Kanekichi alitoka na ndoo, akaigeuza chini juu, akaikalia taratibu, akauliza binti kasimama nini, au theluji imemuuma? Mitsue akamwonyesha majivu. Mzee akakodoa macho, kisha akacheka kwa yale meno machache aliyobaki nayo.

"Nilidhani utachukua muda zaidi," alisema.

"Ulikuwa unajua, Mzee?"

"Tangu theluji ya kwanza. Kile chuma chake kikishuka kwako kinalia, kikipanda hapa kwangu kinalia tena. Nikasema, lo, kuna mtu kapenda huko. Mtaa huu haujapitiwa na jambo zuri siku nyingi. Acha nimlipie huyu kijana mahari kwa beleshi."

Akataka kuinuka amsaidie. Mkono ukaenda kiunoni wenyewe, na kicheko kikazimika usoni mwake kama taa. Mitsue akauona mkono ule na kitambaa alichojifunga kiganjani, kichafu, cha siku nyingi. Mzee akautia mkono mfukoni upesi.

"Usimwambie," akasema. "Atajisikia vibaya. Hana ubaya yule."

Mitsue hakuahidi. Alichimba mpaka lango la mzee likafunguka, akaenda kumpikia supu.

Alasiri Masanobu alikuwa anamngoja ndani ya kibanda cha theluji cha mtaa wao. Watoto wenye zamu ya kukaribisha wageni walikuwa wamekwenda kuchukua mkaa, na ndani hapakuwa na mtu ila yeye, mkubwa kupita kibanda, magoti karibu na masikio. Mwanga wa mle haukutoka mahali popote. Ulipita katika kuta zenyewe, mweupe wenye ubuluu, na sauti za nje zikafifia kana kwamba dunia imefunikwa kwa blanketi. Katika ukuta wa nyuma palichongwa mahali pa mungu wa maji, pakawekwa machungwa na chupa ya pombe ya mchele. Mitsue aliinama hapo kwanza. Kisha akaketi.

Masanobu alikuwa na furaha ya mtoto. Suti ilikuwa imetoka kwa dobi. Akauliza kama mama angependa mikate ya mchele au samaki, na kama afike kabla ya chakula au baada. Mitsue akamwacha amalize yote. Akamtazama midomo, nyusi, mikono ile mipana iliyopasuka kwa baridi, akasikitika kwa jinsi alivyompenda.

"Bwana Terui," akasema. "Kile chuma chako, ukipita kwangu unakishusha. Unakipandishia wapi?"

Masanobu akaiangalia kofia.

"Kwa mzee," akajibu.

Akaeleza kwa sauti ya chini. Pembeni mwa lile bamba la mbele kuna kilango cha chuma, kimewekwa kwa ajili ya zahanati na visima vya zimamoto. Ukikishusha kinaibana theluji isimwagike, ukivuka unakipandisha, inamwagika mbele ya safari. Lakini hakibebi ila mzigo wa lango moja. Kama angeweza kuupeleka hadi ukingo wa mto, baada ya nyumba ya mwisho, angefanya hivyo. Alijaribu. Kinafumuka njiani.

"Kwa hiyo ukachagua," Mitsue akasema.

"Nikakuchagua wewe."

Hakulisema kwa majivuno. Alilisema kama mtu anayetaja jina lake. Wako wanawake wanaozeeka wakilingoja neno hilo na lisije. Mitsue alilisikia likaingia kifuani kama maji ya moto, akainamisha kichwa mbele yake. Na hapo hapo, likiwa bado na joto lake, akajua kwamba hataweza kulimeza.

"Ni tamu kuchaguliwa," akasema. "Lakini mgongo uliobeba ni wa mzee."

"Kila asubuhi ananipungia mkono," Masanobu akasema taratibu. "Nilidhani ananisalimia."

"Alikuwa anakusalimia. Hilo ndilo linaloniumiza."

Tone moja la maji lilidondoka kutoka juu ya kibanda, likaanguka kati yao.

"Theluji yangu niachie mimi," Mitsue akasema. "Kuanzia kesho."

"Kesho? Kesho ndiyo naja kwa mama yako, Bi Mitsue. Yule mama anavyojulikana ofisini. Unataka alfajiri nimwage tuta langoni kwake, kisha jioni nije nimpigie magoti?"

"Ndiyo."

Akamweleza na lile lingine, la chai na wali wa kwanza, na asante anayopewa Hideaki kila siku. Masanobu alisikiliza mpaka mwisho, kisha akajifunika uso kwa kofia.

"Kumbe nimekalia nafasi ya marehemu," akasema ndani ya kofia, "tena bila kupiga hodi."

Mitsue akatamani kumshika mkono. Hakumshika.

"Atanichukia," akasema Masanobu.

"Huenda."

"Na wewe?"

Kabla hajajibu watoto wakarudi na mkaa, wakajipanga mbele ya mungu wa maji wakaimba maneno yao ya sikukuu, karibuni ndani, karibuni muabudu. Wakawamiminia uji mtamu wa mchele. Walikunywa wakitazamana juu ya mabakuli, mvuke ukipanda kati ya macho yao. Masanobu alishukuru, akainama, akatoka kinyumenyume. Mitsue hakujua kama amempoteza.

Theluji ilianza tena machweo, ikashuka mpaka kulipopambazuka bila kupumua.

Alfajiri Mitsue alisimama nyuma ya mlango, kajifunga kitambaa, beleshi mkononi. Kutoka chumba cha ndani alisikia Tsuya anaamka, anachota maji ya chai. Kisha sakafu ikaanza kutikisika kwa mbali. Greda lilikuwa linaingia mtaani.

Baridi nzima alikuwa ameusikia mlio ule akiwa kitandani: ngurumo inakaribia, halafu langoni kwake kishindo kimoja cha chuma, kaa!, halafu ngurumo inapita. Alikuwa amezoea kutabasamu gizani. Leo alisali. Hakuomba Masanobu asije, wala hakuomba aje. Alisali kama mtu aliyesahau maneno.

Ngurumo ikafika kwa Ochiai. Ikafika ukutani kwao. Vikombe vikalia kabatini.

Kishindo hakikusikika. Badala yake ukaja mvumo ambao hakuwahi kuusikia akiwa karibu namna ile, kama mlima unaugeuza ubavu wake usingizini, na theluji ikaja juu ya lango, bonge juu ya bonge, ikapanda, ikaziba mwanga wote wa mlangoni. Mitsue alirudi nyuma hatua moja. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuwa na huzuni.

Na hapo, mbele kidogo, langoni kwa Mzee Kanekichi, akasikia: kaa! Chuma kimeshuka. Ngurumo ikaenda polepole kwa urefu wa lango moja, na baada yake, ukingoni mwa mto pasipo na nyumba ya mtu, kaa! nyingine, na sauti ya theluji ikianguka majini.

Hilo hakumwagiza. Hilo Masanobu alilipata mwenyewe.

Tsuya alikuwa nyuma yake, trei ya chai mikononi. Alilitazama tuta lililojaza lango, refu kumpita yeye. Akaweka trei chini. Uso wake mdogo ukawa kama wa mtoto aliyeachwa sokoni.

"Hakuja," akasema.

Akaigeukia simu iliyokuwa ukutani, mkono ukaikamata kwa mazoea ya miaka. Mitsue akapiga magoti pale pale sakafuni, na buti miguuni. Akamwambia yote: kilango cha chuma, majivu ndani ya theluji, mkono wa Kanekichi, na kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyetaka tuta hili liwe hapa asubuhi hii. Akasema ameona bora mama amkasirikie kuliko aendelee kushukuru mahali ambapo hapakuwa na mtu. Hakuinua kichwa.

Simu ilirudi mahali pake taratibu. Tsuya alienda mbele ya picha ya mwanawe, akapiga magoti. Udi ukawaka. Sauti ya yule mama ikaja, kavu kama kawaida, ila nyembamba mwishoni.

"Basi kumbe umepumzika, Hideaki. Vizuri. Hata hivyo hukupenda kuamka mapema."

Akarudi mlangoni amevaa buti zake za zamani. Akanyoosha mkono, akachukua beleshi kutoka kwa mkwewe, naye Mitsue akachukua jingine. Wakaanza kuchimba bega kwa bega. Theluji ilikuwa nzito kweli. Ndani yake ilikuwa na rangi ya buluu ambayo Mitsue hakuijua jina lake, na kila bonge lililong'oka liliacha buluu zaidi nyuma yake, kana kwamba wanachimba kuelekea mbinguni.

Mara Tsuya akasimama, akainua kidole.

Upande wa pili wa tuta palikuwa na beleshi lingine. Lilichimba kwa nguvu, likatulia, likachimba tena. Walisubiri. Theluji ya mbele yao ikalegea, ikatoboka, na katika tundu lile, ukubwa wa bakuli, kukatokea sikio jekundu, kisha jicho, kisha nusu ya uso wa mwanamume aliyelowa jasho katika nguo zake za kazi, ambaye hakujua angekutana na nani kwanza. Alipomwona mama akajaribu kuinama, akagonga kichwa.

Tsuya akasogeza uso karibu na tundu. Akamtazama kwa makini, kama anavyotazama figili kabla ya kuifunga kamba.

"Wewe ndiye Terui?"

"Ndiye mimi, Mama."

"Zamu yako imekwisha?"

"Imekwisha. Nimepita kwa mzee kwanza. Nikaona nije huku kwa miguu, na beleshi langu."

Tsuya akaitikia kwa kichwa. Akamgeukia Mitsue, akamwona kasimama na mikono mdomoni, macho yamejaa, akaguna.

"Unasimama nini? Kaongeze mchele chunguni. Mtu mkubwa hivi hashibi bakuli moja."

Kisha akalirudia tundu.

"Chimba basi, baba. Bado nene hili tuta."